Waliokaa Sana, Waliokaa Kidogo

Malkia Elizabeth II alipofariki Septemba 2022, magazeti mengi yalihesabu miaka yake 70 kwenye kiti na kumweka nyuma ya Louis XIV wa Ufaransa, aliyekaa 72. Hesabu hiyo inamruka Mwafrika mmoja. Sobhuza II wa Uswazi alitangazwa mfalme Desemba 1899, akiwa bado ananyonya, na akafariki Agosti 1982. Miaka 82. Wabishi watasema nchi iliendeshwa na bibi yake, Labotsibeni, hadi 1921, na ni kweli. Lakini Louis naye alirithi kiti akiwa na miaka minne, mama yake akashika hatamu, na hakuna anayempunguzia miaka hiyo.

Kwa walio hai, anayeongoza ni Sultani Hassanal Bolkiah wa Brunei, aliyeshika kiti 1967. Kasri lake, Istana Nurul Iman, lina vyumba 1,788, na mafuta ndiyo yaliyolijenga. Zaidi ya hapo sina la kusimulia. Utajiri mkubwa huwa na hadithi fupi.

Mdogo kuliko wote katika zama zetu alitoka kwa jirani. Oyo wa Tooro, magharibi mwa Uganda, alirithi kiti cha baba yake mwaka 1995 akiwa na miaka mitatu. Falme za Uganda zilifutwa na Obote 1967, zikarejeshwa 1993 kwa masharti: mila na heshima ni zenu, siasa na kodi waachieni wengine. Kuna waliocheka wakidai huo ni ufalme wa maonyesho. Mimi naona masharti hayo ndiyo kinga yake.

Aliyejaribu kinyume chake ni Khalid bin Barghash, na rekodi yake iko Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia kasri bila idhini ya Waingereza, ambao chini ya himaya yao hakuna aliyekalia kiti pasipo wao kuridhia. Wakampa muda: saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshateremsha bendera. Hakuteremsha. Manowari zikafyatua mizinga, na kabla ya saa nne vita vilikwisha, vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana katika historia. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na siku ileile Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini. Utawala wa siku mbili, basi.

Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Aliishi miongo mingi Portsmouth, Uingereza, hadi Oman ilipomruhusu kuhamia huko 2020. Huko ukoo wake wa Al Busaid unatawala tangu 1744 hadi leo. Ukoo mmoja, pwani mbili, na bahati zilizopishana kabisa.

Nepal ilifuta ufalme wake 2008, Barbados ikamwondoa malkia 2021. Hayo yalipita bila vishindo vikubwa. Kisa ninachokipenda zaidi kiko Bulgaria. Simeon II alikuwa mfalme akiwa na miaka sita, 1943. Miaka mitatu baadaye kura ya maoni, iliyopigwa majeshi ya Kisovieti yakiwa nchini, ilifuta ufalme, na mtoto akaenda uhamishoni Misri, kisha Hispania. Mwaka 2001 alirudi na chama chake, akashinda uchaguzi na kuwa waziri mkuu. Hakuwahi kuurudisha ufalme. Mwaka 2005 chama chake kilishika nafasi ya pili, naye akaachia ofisi. Mara hii hapakuwa na jeshi la kigeni la kulisingizia.