MIMBA BILA MUME: LIKIZO NI ILE ILE

Katika kiwanda kimoja hapa Kampala karani alimrudishia dada mmoja fomu yake ya likizo ya uzazi kwa sababu nafasi ya jina la mume ilikuwa tupu. Dada huyo hana mume. Alipatana na mwanamume atoe mbegu zake, naye akajitilia mwenyewe nyumbani kwa bomba la sindano, bila ile sindano yenyewe. Wenzake walipojua walicheka. Chama hakikucheka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mwanamke mwenye mimba siku 60 za kazi za likizo kwa mshahara kamili, na kati ya hizo angalau wiki 4 ziwe baada ya kujifungua. Mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari au mkunga. Cheti cha ndoa hakimo. Awe mjane, awe hajaolewa, awe anakaa na mwanamke mwenzake, siku ni hizo hizo, na kumfukuza mtu kwa ajili ya mimba ni kosa. Ofisi iliposomewa hayo iliipokea fomu. (Zile siku 4 za baba ni za mume ambaye mkewe amejifungua, basi mtoa mbegu asije kuzidai.)

Jambo lenyewe si geni. Huko London, katika karne ya 18, daktari John Hunter alimsaidia mtu mwenye kilema cha njia ya mkojo kupata mtoto na mkewe kwa bomba kama hilo. Na jirani zetu Wakurya wa Tarime, Tanzania, wana nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea ng'ombe mwanamke mwenzake, akamwoa, na watoto watakaozaliwa na mke huyo huwa wa nyumba ya mwenye ng'ombe. Bomba halimo, lakini haja ni ile ile.

Hapa Kampala, hospitali ya Daktari Edward Tamale Sali huko Bukoto ilizalisha mwaka 2004 mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa nje ya tumbo. Lakini mshahara wa mchuma chai haufiki huko, ndiyo maana watu hujaribu nyumbani.

Basi wajue hatari zake. Mbegu hubeba ukimwi, homa ya ini na kaswende kama vile mtu amelala na mtu. Mwanamume apimwe, akae miezi 3 bila mambo ya nje, apimwe tena. Benki za mbegu hugandisha mbegu miezi 6 ndipo zimpime mtoaji mara ya pili. Tena mtu asithubutu kupitisha mpira hadi ndani ya mji wa mimba. Mbegu zisizosafishwa zikifika humo huleta maumivu makali na uambukizo. Kazi hiyo ni ya kliniki.

Hatari nyingine ni ya baadaye. Sheria ya Watoto ya Uganda inamhesabu baba wa damu kuwa mzazi. Karatasi mliyoandikiana mezani haimfuti: anaweza kuja kumdai mtoto, naye anaweza kudaiwa matunzo.

Na tangu ile sheria ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, wako dada wanaoogopa hata kuingia ofisini. Fomu ya likizo haihitaji habari za nyumbani kwako. Chukua cheti cha mkunga, mwite mwakilishi wa chama, mwende pamoja.