Vifaranga: baridi inaua, joto mingi inaua pia

Wafugaji wengi wa kuku wanapoteza vifaranga katika juma la kwanza, kisha wanasema ni ugonjwa. Lakini mara nyingi ugonjwa unakuja nyuma. Kinachotangulia ni baridi ya usiku ao malalo yenye kulowana.

Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kweli, na mwili wake hauwezi bado kujitunzia joto. Kama hakuna kuku mama wa kumfunika, mfugaji ndiye anachukua kazi hiyo. Juma la kwanza inaomba digri 32 mpaka 35, zikipimwa chini, pale mgongo wa kifaranga unafika. Nyuma ya hapo, joto inapunguzwa karibu digri 3 kila juma mpaka manyoya yaote.

Mahali pia panahesabu. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1500 juu ya bahari, na usiku kule ni baridi. Uvira iko chini, kando ya Tanganyika. Mchana hatari inaweza kuwa joto kupita kiasi.

Asiye na kipimo cha joto aangalie vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya moto na kulia sana, wanasikia baridi. Wakikimbia mbali, midomo wazi na mabawa yameachana, joto imezidi. Wakijibana upande moja tu, kuna upepo unaingia. Wakitawanyika, wanakula na kulala, ni sawa.

Unyevu unapimwa kwa mkono. Kamata maranda ya malalo na kuyakamua. Yakibaki donge, yamelowa: yaondolewe, juu malalo ya maji inaleta harufu kali yenye kuchoma macho, na kuhara damu. Chombo cha maji kiinuliwe kidogo, kisimwagike.

Wengi wanatumia mbabula ya makala. Moshi wake wa sumu hauna harufu, unaua vifaranga na watu. Dirisha la juu libaki wazi kidogo, na mtu asilale mule.

Kuziba kila tundu ili joto isitoke si dawa. Dawa ni kuamuka saa kumi ya usiku kuongeza makala: ndiyo saa yenye baridi kali, na moto wa jioni unakuwa umekwisha.