Kuhesabu Korongo katika Ziwa Hornborga

Mwezi Machi unapokaribia kwisha, wakati mvua za masika zinaanza kunyesha katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, nchi za kaskazini ya dunia hutoka polepole katika baridi kali. Barafu iliyofunika maziwa huanza kuyeyuka kandokando, mchana hurefuka siku hata siku, na ndege waliokimbilia kusini huanza kurejea. Katika majuma hayo machache watu wengi wa Ulaya, wazee kwa vijana, huvaa makoti mazito, huchukua darubini na chupa za chai ya moto, kisha huenda kusimama kando ya maziwa na vinamasi ili kuwatazama ndege. Mgeni aweza kudhani kuwa huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Hata hivyo, historia ya ziwa moja la Uswidi yaonyesha kuwa mazoea hayo yana manufaa makubwa kwa elimu na kwa nchi.

Msafiri na kituo chake

Ziwa hilo huitwa Hornborga, nalo liko kusini mwa Uswidi, kati ya miji ya Skara na Falköping. Kina chake ni kifupi sana. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, hukusanyika hapo maelfu ya korongo wa kijivu, ambao wataalamu huwaita *Grus grus*. Korongo huyu husimama zaidi ya mita moja kwenda juu, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita mbili. Wengi wao hukaa Hispania na Ufaransa wakati wa baridi. Urefu wa mchana ndio unaowaashiria kuwa wakati wa safari umewadia; hali ya hewa na upepo huamua siku yenyewe ya kuondoka.

Hornborga si mwisho wa safari, bali ni kituo cha kupumzika na kula kabla ya kutawanyika kwenda kutaga katika vinamasi vya kaskazini. Zamani wakulima wa hapo walilima viazi vya kutengenezea pombe kali, na korongo wakazoea kuokota masalio mashambani. Kilimo hicho kilipokoma, wenye mamlaka walianza kuwamwagia shayiri, ili wasiache kuja na ili wasiharibu mashamba yaliyopandwa karibuni. Watazamaji huja kuona jinsi wanavyocheza: huinamisha shingo, huruka juu mabawa yakiwa wazi, na kuitana kwa sauti isikikayo kilomita kadhaa. Nguvu ya sauti hiyo hutokana na bomba la pumzi lililo refu, ambalo sehemu yake imejikunja ndani ya mfupa wa kifua.

Jinsi ya kuhesabu

Jioni korongo huondoka mashambani na kwenda kulala wakiwa wamesimama katika maji mafupi. Mbweha akitaka kuwashika usiku hana budi kukanyaga maji, na mlio wa maji huwaamsha. Safari hiyo ya jioni ndiyo humpa mhesabuji nafasi yake, kwa sababu ndege hupita makundi kwa makundi. Mhesabuji huhesabu kumi wa kwanza, hukariri ukubwa wa nafasi waliyoichukua angani, kisha hulipima kundi zima kwa kipimo hicho. Kwa njia hiyo, katika miaka ya karibuni, zimepatikana siku ambazo korongo walizidi 20,000.

Msomaji aweza kuuliza: je, hesabu ya namna hiyo ni ya kuaminiwa? Bila shaka makosa hayakosekani. Lakini ikiwa njia ni ile ile kila jioni na kila mwaka, kosa nalo hubakia karibu lile lile, na mabadiliko ya kweli hujitokeza. Ni lazima pia kujihadhari na maana ya hesabu. Upepo wa kaskazini ukivuma kwa siku kadhaa, korongo huchelewa ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, na uchache wao siku hiyo hauonyeshi kuwa wamepungua. Vivyo hivyo, wingi wao penye shayiri hautoshi kuthibitisha kuwa wameongezeka. Ni hesabu zinazofanywa katika nchi nyingine za Ulaya zilizoonyesha kwamba korongo hao wameongezeka kwa kweli.

Ziwa lililokaushwa na kurudishwa

Kati ya 1802 na 1933 maji ya Hornborga yalishushwa mara tano kwa kuchimba mitaro, ili kupata ardhi ya kilimo. Matumaini hayo hayakutimia. Udongo wa chini ya ziwa, uliojaa mabaki ya mimea, ukikauka hunywea na kuoza, na ardhi hushuka. Mafuriko ya majira ya kuchipua nayo yakaendelea kuja kila mwaka. Mashamba mema yaliyotarajiwa hayakupatikana, na ziwa likawa pori la matete na vichaka. Ndege wa majini waliokuwa wakizaliana humo wakapungua sana.

Watu waliokuwa wakilitembelea ziwa mwaka hadi mwaka walikuwa na kumbukumbu za aina za ndege waliokuwapo na waliotoweka. Baada ya mabishano marefu, kazi ya kulirudisha ilifanywa: matete yalikatwa, vichaka viling'olewa, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 maji yakapandishwa kwa kiasi kisichofika mita moja. Kiasi hicho kidogo kilitosha kuwarudisha ndege wengi wa majini.

Korongo wa kwetu

Afrika ya Mashariki ina korongo wake, korongo mwenye taji, aliyemo katika bendera ya Uganda. Hutaga katika vinamasi, na vinamasi hivyo hukaushwa ili kupata mashamba, kama ilivyokuwa Hornborga. Wengine hukamatwa na kuuzwa ili wafugwe. Tangu 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nchini Rwanda korongo hao wamekuwa wakihesabiwa tangu 2017, na ndege waliokuwa wakifugwa majumbani wamerudishwa porini. Tanzania nayo ilijiunga mwaka 2000 na Mkataba wa Ramsar wa 1971 wa kuhifadhi ardhi oevu, na bonde la Malagarasi na Muyovozi likawa eneo lake la kwanza katika orodha ya mkataba huo.

Kazi ya kuhesabu haihitaji mitambo ya thamani. Mwalimu na wanafunzi wake, wakiwa na daftari na darubini moja, wakienda kwenye kinamasi kile kile, saa ile ile, kila mwezi, wataweza baada ya miaka michache kuonyesha kwa tarakimu kama maji yanapungua na kama ndege wanahama. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumbukumbu za namna hiyo huuonyesha ufa ungali mdogo, kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa.