Ada Ikikatika, Habari Zibaki

Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, runinga isiyo na king'amuzi imekuwa pambo la sebuleni. Ving'amuzi vya antena visivyo na ada vipo, lakini mawimbi ya mnara hayafiki kila mahali. Asiyefikiwa hulazimika kutegemea dishi, na aghalabu dishi lina ada ya mwezi.

Waingereza walipata njia nyingine: Freesat, iliyoanzishwa na BBC na ITV mwaka 2008. Mtazamaji hununua dishi na king'amuzi mara moja, wala huduma yenyewe haina ada ya mwezi. Akiingiza msimbo wake wa posta, huletewa matangazo ya eneo lake. Setilaiti, iliyo yapata kilomita 36,000 juu ya ikweta, haibagui kijiji wala mji.

Nasi twatamani hayo Pwani. Mama wa kisiwani asikose tahadhari ya bahari kuchafuka, wala tangazo la mwezi mwandamo, kwa kuwa fedha za mwezi zimekwenda kwenye unga. Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kununua tumuulize muuzaji: ada ikikatika, stesheni za nyumbani zitabaki?