Kusoma na Kuandika Makala za Saikolojia: Mpaka kati ya Kilichoonekana na Kinachodhaniwa



Atafitiye jinsi mtoto anavyojifunza lugha, au jinsi msomaji anavyokumbuka matini, hana budi kusoma makala za saikolojia. Hata hivyo, wengi wetu tulilelewa na riwaya na ushairi, na makala hizo tunazisoma kama hadithi: tunaanza mwanzo, tunakimbilia mwisho, kisha tunamwamini msimulizi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwa nini desturi hiyo haifai, na ni lipi Kiswahili kinatudai tunapoandika wenyewe.

Makala ya saikolojia kwa kawaida huwa na ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Mpangilio huu una historia. Mwaka 1929 jarida la Psychological Bulletin la Marekani lilichapisha mwongozo wa uandishi wa kurasa 7 tu. Toleo la saba la mwongozo uliotokana nao, lililotolewa mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400. Kiini chake ni kimoja: kutenga kilichoonekana na kinachodhaniwa. Matokeo ni mahali pa kilichoonekana. Mjadala ni mahali pa tafsiri. Kwa hiyo, baada ya ikisiri, msomaji makini huenda kwenye mbinu. Huuliza: washiriki walikuwa wangapi, walipatikana wapi, walipimwa nini? Akishajibiwa, ndipo ausikilize mjadala.

Hapa lugha huweza kutupotosha. Neno la Kiingereza linalotumika katika takwimu tumezoea kulifasiri kuwa "muhimu", tukaandika kwamba tofauti ni "muhimu kitakwimu". Msomaji huelewa kuwa tofauti ni kubwa au ina manufaa. Sivyo. Kipimo hicho husema tu kwamba, kama kwa kweli pasingekuwapo tofauti yoyote, matokeo ya namna hiyo au yaliyopita hapo yangetokea kwa nadra. Kiwango cha 0.05 kilienezwa na R. A. Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwa kuwa kilifaa kwa matumizi, wala si sheria ya maumbile. Afadhali tuseme tofauti "imevuka kizingiti cha kitakwimu", kisha tutaje ukubwa wake.

Gharama ya kutozingatia hayo ilidhihirika mwaka 2015, watafiti walipochapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimevuka kizingiti. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizokivuka. Haina maana kwamba zilizosalia zote ni za uongo. Ina maana kwamba makala moja haitoshi kuwa ushahidi. Aidha, hakuna awezaye kurudia utafiti ambao mbinu zake zimefichwa. Wahenga walinena: mficha uchi hazai.

Tugeukie uandishi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba madai mazito katika umbo fupi. "Imethibitika" hufunga mlango; "matokeo yanaashiria" huuacha wazi; "tuliona" humtaja mwenye kuwajibika, ilhali "ilionekana" humsitiri. Mwandishi achague kwa kadiri ya ushahidi alio nao. Vivyo hivyo, "watafitiwa" ni watu waliotendwa, na "washiriki" ni watu waliokubali kutenda. Mwongozo wa Marekani nao, katika toleo la mwaka 1994, ulihimiza neno lenye maana hii ya pili. Kiambishi kimoja, basi, hubeba suala zima la maadili.

Wanafunzi wapendwa, chukueni makala moja na mpigie mstari kila kitenzi cha mjadala. Kisha rudini kwenye matokeo, mwulize kama yanakistahili kitenzi hicho. Mkikuta hayakistahili, mtakuwa mmeanza kusoma kisayansi. Nanyi mkikataa kukiandika, mtakuwa mmeanza kuandika kisayansi.