Neno "Yaliyomo" na Ukurasa Wake katika Majarida ya Hip-hop

Neno yaliyomo, ambalo huandikwa juu ya orodha ya mambo katika vitabu na majarida ya Kiswahili, kwa asili ni kishazi kilichofanywa kuwa jina. Lina viungo vinne: ya-, kiambishi cha ngeli ya mambo, ingawa mambo yenyewe hayatajwi, -li-, shina la kitenzi cha kuwa, -yo-, kirejeshi, na -mo, ambacho huonyesha mahali pa ndani. Kama lingeandikwa yaliyopo au yaliyoko, maana ingekuwa nyingine. Kwa -mo msomaji aambiwa kwamba alichoshika ni chombo kilichofungwa, na kwamba ndani yake mna vitu. Neno fahirisi, lililotujia kutoka Kiarabu na ambalo asili yake ya mbali ni Kiajemi, halitoi habari hiyo. Hilo hutaja orodha tu. Basi tangu kichwa chake, ukurasa wa yaliyomo katika Kiswahili ni mlango, na mlango hauna budi kumfaa apitaye.

Katika majarida ya muziki wa hip-hop mlango huo ulipata sura ya pekee. Jarida la The Source lilianza mwaka 1988 kama karatasi ya habari iliyotolewa na wanafunzi wa Harvard huko Marekani. Vibe, lililoasisiwa na mwanamuziki Quincy Jones, lilianza kutoka kwa mfululizo mwaka 1993. Na XXL likafuata mwaka 1997. Katika miaka ambayo majarida hayo yalichapwa kwa wingi, ukurasa wao wa yaliyomo ulijengwa juu ya desturi ambazo baadaye ziliigwa katika nchi nyingi.

Desturi ya kwanza ni picha. Aghalabu mwanamuziki mmoja huchukua sehemu kubwa ya ukurasa, akimkabili msomaji macho kwa macho, na maneno hupangwa pembeni au juu ya picha yenyewe. Ya pili ni tarakimu. Namba za kurasa huchapwa kubwa kuliko maneno, mara nyingi kwa rangi ya pekee, nazo si lazima zifuatane: makala makuu hutangulizwa hata yakiwa katikati ya jarida. Ya tatu ni mgawanyo wa makundi mawili, yaani makala makuu ya toleo hilo, na safu za kila toleo kama vile hakiki za santuri mpya na habari za wasanii wachanga. Ya nne ni uchache wa rangi, mbili au tatu, zilizochukuliwa katika jalada ili kurasa hizo mbili zionekane kuwa ndugu. Ya tano ni ufupi wa vichwa: neno moja au mawili yenye mchezo wa maana, kisha sentensi ndogo ya kueleza.

Ni desturi hii ya mwisho inayomhusu zaidi mtaalamu wa lugha. Kwa Kiingereza kichwa cha neno moja kwa kawaida huwa ni jina au sifa, kwa kuwa kitenzi chake huhitaji mtendaji atajwe kando. Kiswahili hakina haja hiyo. Neno amerudi ni sentensi kamili: lina mtendaji, wakati na tendo. Likichapwa kando ya picha ya mwimbaji, picha ndiyo inayokuwa jina ambalo a- hupatana nalo. Vivyo hivyo haogopi, wameachana, tutawaona. Kwa njia hii Kiswahili chaweza kutimiza desturi ya ufupi kwa ukamilifu ambao lugha ya majarida ya asili haiuwezi.

Lakini nguvu hiyo ina hatari yake. Kiambishi kilichoegemezwa picha hupoteza mwenyewe mara picha inapotengwa nacho. Jambo hilo hutokea kwa urahisi: picha moja kubwa huwa ni ya mtu mmoja, lakini vichwa vilivyo chini yake huwa ni kumi au zaidi, na kila a- humtaka mtu wake. Msomaji wa mjini, ambaye amekwisha kusikia habari za wasanii redioni, hujaza pengo kwa ujuzi alio nao. Je, msomaji wa mbali?

Mfano wa kufaa ni Soitsambu, kata ya tarafa ya Loliondo katika Wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake wengi ni Wamaasai, na kwa mtoto wa huko Kiswahili mara nyingi ni lugha ya pili, inayokomaa shuleni. Sasa, Kimaasai nacho hutia mtendaji ndani ya kitenzi, lakini kwa mpango mwingine. Adol ni "naona", idol ni "unaona", edol ni "anaona" na pia "wanaona". Yaani a- ambayo kwa Kiswahili ni ya yule asiyekuwapo, kwa Kimaasai ni ya msemaji mwenyewe. Na nafsi ya tatu ya Kimaasai haitenganishi mmoja na wengi katika kiambishi chake. Haifuati kwamba kijana wa Soitsambu atasoma amerudi na kuelewa "nimerudi". Shule imekwisha kumfundisha. Lakini yafuata kwamba ukurasa unaotegemea kiambishi peke yake umeuweka mzigo wote mahali ambapo lugha hizi mbili zinapishana.

Wala msomaji huyo si mgeni wa hip-hop. Kundi la X Plastaz la Arusha lilitoa mwaka 2004 santuri iliyoitwa Maasai Hip Hop, ambamo uimbaji wa Kimaasai ulisikika pamoja na Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Loliondo aweza kuwa ndiye anayetajwa ndani ya jarida, na huku ukurasa wa yaliyomo ukamwacha nje.

Dawa yake si kuacha ufupi. Jarida la Si Mchezo!, lililoanzishwa mwaka 2003 na Femina Hip ya Dar es Salaam kwa ajili ya vijana wa vijijini, lilieleza mengi kwa hadithi za picha, ambamo maneno hukaa karibu na uso wa mwenye kuyasema. (Hip katika jina la shirika hilo ilitokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mradi wa habari za afya, si muziki.) Kanuni hiyo yaweza kuhamishiwa katika orodha: kichwa kisicho na jina kiwe na picha yake ndogo, na kisichoweza kupata picha kitajiwe jina katika sentensi ya maelezo. Namba nayo isimame kando ya kichwa chake, isitupwe ng'ambo ya ukurasa kwa ajili ya urembo.

Hayo yakitimizwa, kiambishi kitakuwa na mwenyewe wake, na -mo ya yaliyomo itabaki kuwa ya kweli: kwamba yamo, na kwamba asomaye aweza kuingia.