Kidonda cha maksai chaweza kufungua mlango wa ruzuku

MVUA za Novemba zinapoanza katika Kata ya Mwamanyili, wilayani Busega, Mkoa wa Simiyu, mkulima wa pamba hutegemea maksai wake na plau. Mmoja akichubuliwa shingo na nira, jozi nzima husimama. Jirani analima, yeye anasubiri kidonda kikauke, na msimu unampita.

Hasara hiyo ndiyo hoja ambayo kikundi cha wafugaji kinaweza kuipeleka kwa wafadhili wa miradi ya ustawi wa wanyama. Sheria pia ipo upande wao, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, wakiwamo wanaofanya kazi.

Miongoni mwa mashirika ya nje yanayojishughulisha na wanyama wa kazi ni Brooke, lenye asili ya Cairo, Misri, mwaka 1934, na The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1969. Haya hujikita zaidi kwa punda, na mara nyingi hupitia mashirika ya wenyeji. Hivyo kikundi cha kijiji hunufaika zaidi kikijiunga na shirika lililosajiliwa nchini kuliko kuandika barua peke yake.

Ruzuku si mkopo, hairejeshwi. Lakini si fedha ya kununulia ng'ombe wala ya kugawana. Hutolewa kwa kazi iliyotajwa, na kila shilingi hutolewa hesabu. Kwa hiyo kikundi kinahitaji katiba, usajili wa halmashauri, akaunti ya benki na muhtasari wa kikao kilichokubali mradi.

Andiko lenyewe lijibu maswali manne: wanyama wangapi wameumia, nini kinawaumiza, dawa yake itagharimu kiasi gani, na nani ataiendeleza mfadhili akiondoka. Kwa mfano, fundi seremala wa kijiji akifundishwa kuchonga nira laini inayolingana na shingo, kazi itaendelea hata fedha ikiisha.

Hesabu hiyo haihitaji kusubiri mfadhili. Wanakikundi wakishirikiana na ofisa mifugo wa kata, wanaweza kukagua maksai na punda wao leo, waandike vidonda daftarini, wavitibu, kisha warudie baada ya miezi sita. Vidonda vikipungua, daftari hilo litakuwa shahidi wao mbele ya mfadhili. Na hata ruzuku isipopatikana, jozi itakuwa shambani mvua ikinyesha.